Jinsi ya kuicheza Scourge of Armagon ya Quake kwa silaha zake na muziki wake

Wengi wanaoijua Quake, mchezo wa kompyuta wa kupigana kwa bunduki wa 1996, hawajawahi kuimaliza nyongeza yake, Scourge of Armagon, na katika walioimaliza, wengi waliicheza nusu. Muziki wake hawakuusikia. Nyundo waliiokota, wakaizungusha mara mbili, wakairudia bunduki waliyoizoea. Siwalaumu, maana nyongeza hii haijielezi. Inakuweka kwenye ramani ya kwanza na kukuachia, na ukiingia na mazoea ya Quake utaiona kama Quake iliyorefushwa tu.

Naipenda mno kuiacha ionekane hivyo. Ilitengenezwa na Hipnotic Interactive, studio changa ya Marekani iliyopewa kazi ya kuandaa nyongeza ya kwanza rasmi ya Quake, na ilitoka mwanzoni mwa 1997, kabla Quake yenyewe haijatimiza mwaka. Baadhi ya watu wake walitoka studio ya 3D Realms. Mmojawao, Richard Gray, anayejulikana zaidi kama Levelord, alikuwa ametengeneza ramani za mchezo wa Duke Nukem 3D, na mkono wake unauona. Katika Quake ya id Software, walioutengeneza mchezo wa awali, mlango huteleza, lifti hupanda na kushuka, na mambo karibu yanaishia hapo. Hipnotic waliongeza kwenye msimbo vitu vinavyozunguka na ardhi inayotetemeka, kisha wakaleta silaha tatu, maadui wapya, na vifaa vya kuokota ambavyo Quake haikuwa navyo. Baadaye studio hiyo ilijiita Ritual Entertainment na mwaka 1998 ikatoa mchezo wa SiN.

Kwa hiyo mwongozo huu una nia moja: uisimike sawasawa, kisha uicheze kwa vitu vyake yenyewe.

Kuisimika

Njia fupi ipo. Mnamo Agosti 2021 Quake ilitolewa upya kwa kazi ya Nightdive Studios, na toleo hilo lina Scourge of Armagon ndani yake, pamoja na Dissolution of Eternity na nyongeza mbili za MachineGames. Unafungua menyu, unachagua nyongeza, unacheza, na muziki umo. Kama unataka kucheza leo hii bila kugusa mafaili, fanya hivyo, halafu ruka mpaka sehemu ya silaha.

Mimi natumia njia ndefu, kwa sababu napenda kujua kila faili liko wapi na kupanga picha nitakavyo. Msimbo wa Quake uliachiwa huru Desemba 1999, na tangu hapo watu wameandika injini nyingi zinazoendesha mafaili ya zamani kwenye kompyuta za sasa. QuakeSpasm ndiyo ninayompa anayeanza. Ironwail na vkQuake ni nzuri pia, na karibu kila ninachokieleza hapa kinafaa kwa hizo.

Tengeneza folda mpya na uipe jina lolote fupi. Ndani yake weka folda mbili kutoka kwenye nakala yako ya Quake. Ya kwanza ni id1, na lazima iwe na pak0.pak na pak1.pak. Ya pili ni hipnotic, nayo ina pak0.pak yake. Halafu weka mafaili ya injini kando ya folda hizo mbili, si ndani ya mojawapo.

Hapa soma taratibu. Faili kuu la Quake na faili la nyongeza yana jina lilelile, pak0.pak. Ukilitoa la hipnotic na kuliweka ndani ya id1, kompyuta itakuuliza kama unataka kubadilisha lililopo, na ukikubali umefuta sehemu kubwa ya Quake. Mpwa wangu alikuwa amefika kwenye swali hilo nilipomwambia aondoe kidole kwenye kipanya. Kila pak0.pak ibaki nyumbani kwake. Kama unatumia Linux, hakikisha pia majina ya folda na mafaili yote ni ya herufi ndogo, kwa sababu kwenye Linux PAK0.PAK na pak0.pak ni mafaili mawili tofauti, na injini itakuambia haikuona kitu.

Sasa kuiwasha. Usibofye injini hivihivi, maana hapo itafungua Quake ya kawaida. Inahitaji kuambiwa neno -hipnotic. Kwenye Windows tengeneza njia ya mkato ya programu, fungua sifa zake, na mwisho wa mstari unaoonyesha programu ilipo acha nafasi moja kisha andika:

-hipnotic

Kwenye Linux andika kwenye terminali:

quakespasm -hipnotic

Kuna watu wanaotumia -game hipnotic, kama wanavyofanya kwa ramani za mashabiki. Hapa usifanye hivyo. Neno -hipnotic lenyewe ndilo linaloiambia injini ipange mstari wa chini wa skrini kwa ajili ya silaha mpya. Bila hilo unaweza kubeba bunduki ambayo skrini haikuonyeshi kama unayo.

Ukitaka kuhakiki, bonyeza kitufe kilicho chini ya Esc ili konsoli, yaani dirisha la kuandikia amri, ishuke, uandike:

map hip1m1

Ukijikuta kwenye The Pumping Station, umefaulu. Toka, uanze mchezo upya kutoka kwenye menyu, kwa sababu ramani ya mwanzo ndiyo mahali pa kuchagua ugumu.

Muziki wake

Hili linapuuzwa kuliko yote, na kwangu ni nusu ya mchezo.

Zamani muziki wa Quake haukuwa ndani ya mafaili ya pak. Ulikuwa kwenye diski yenyewe kama nyimbo za kawaida, kiasi kwamba ungeweza kuiweka diski kwenye redio na kuusikiliza. Quake ya kwanza ina muziki wa Trent Reznor na Nine Inch Nails. Scourge of Armagon ina muziki wake tofauti, uliotungwa na Jeehun Hwang, na ni muziki wa namna nyingine: una mapigo zaidi, unakusukuma mbele pale ambapo ule wa Quake unakuzingira kama ukungu.

Ndani ya folda hipnotic tengeneza folda inayoitwa music. Weka humo nyimbo za nyongeza zikiwa na majina track02.ogg, track03.ogg na kuendelea. Zinaanza na 02 kwa sababu sehemu ya kwanza ya diski ilikuwa data ya mchezo, wala si wimbo. Usizipe namba upya kuanzia 01, kwa sababu mchezo huita wimbo kwa namba, na ukizisogeza hata moja kila ramani itapata wimbo usio wake.

Kisha jaribu kwa masikio. Injini isipoona nyimbo ndani ya hipnotic, na kama unazo za Quake ndani ya id1, itacheza zile za Quake bila kukuambia lolote. Utasikia muziki, utaridhika, na utacheza nyongeza nzima kwa muziki wa mchezo mwingine. Ingia The Pumping Station na usikilize. Ikiwa ni sauti zilezile nzito za minong'ono na ngurumo unazozijua kutoka ramani za Quake, rudi kwenye folda.

Marekebisho machache ya picha na vidole

Injini nyingi za sasa hulainisha picha mpaka kuta zinaonekana zimepakwa mafuta. Wachoraji wa 1997 walipanga kila nukta ya rangi, na mimi nataka kuziona. Kwenye konsoli andika:

gl_texturemode GL_NEAREST_MIPMAP_LINEAR

Mawe yatarudi kuwa mawe. Mwangaza uongeze kidogo tu. Ukiupandisha mpaka pembe zote zionekane, umeondoa vivuli ambavyo waliotengeneza ramani walivitegemea kuficha maadui na milango ya siri, na mchezo wote unakuwa rangi moja ya udongo.

Ukiona lifti inakuumiza bila sababu, au mlango unakubana kwa namna ya ajabu, angalia kama umepandisha kikomo cha fremu. Mchezo huu uliandikwa kwa kikomo cha fremu 72 kwa sekunde. Andika host_maxfps 72 na ujaribu tena.

Kuhusu vidole: kuhifadhi haraka ni F6, kurudi ulipohifadhi ni F9. Nakushauri uhifadhi unapoingia chumba kipya ukiwa na afya, usingoje mpaka uwe na afya 9 na roketi inakuja usoni. Silaha za Quake ziko kwenye namba 1 hadi 8 kama kawaida. Mbili kati ya zile mpya zina nafasi zao, 9 kwa Laser Cannon na 0 kwa Mjolnir. Kama ukibonyeza namba hizo hakuna kinachotokea ingawa silaha unazo, zifunge mwenyewe kwenye konsoli:

bind 9 "impulse 225"
bind 0 "impulse 226"

Ya tatu, Proximity Gun, inakaa nyumba moja na kirusha guruneti. Bonyeza 6 kupata moja, bonyeza 6 tena kupata nyingine. Zoea kutazama skrini kabla ya kufyatua, kwa maana guruneti la kawaida linaruka na kubingirika, lakini la Proximity Gun linaganda palepale linapogusa.

Silaha tatu, na jinsi ya kuziheshimu

Nianze na hiyo Proximity Gun, kwa kuwa ndiyo inayobadilisha mchezo kuliko zote na ndiyo wengi wanayoitumia vibaya. Inakula roketi, risasi zilezile za kirusha guruneti na kirusha roketi. Bomu lake hunata ukutani, sakafuni, hata darini, na hulipuka kitu kikilikaribia. Mchezaji aliyezoea Quake huliona adui na kumrushia. Hapo amepoteza roketi. Silaha hii ni ya kutumia kabla adui hajakuona, au baada ya kukuona akiwa bado mbali.

Fanya hivi. Umefungua mlango, umeona zimwi wawili wa Ogre na Fiend mmoja upande wa pili. Rudi nyuma ulikotoka. Bandika mabomu mawili au matatu kwenye fremu ya mlango, si yote sakafuni: moja chini, moja pembeni kwa usawa wa kifua. Piga risasi moja ya shotigani uwaite, kisha urudi nyuma na kujificha kwenye kona. Fiend huruka, na mruko wake utamleta juu ya mabomu kabla hajakugusa. Fiend ana afya 300, kwa hiyo usitarajie bomu moja limmalize, ila atatoka pale akiwa ameungua vya kutosha kwa shotigani ya mitutu miwili kumaliza kazi.

Mambo mawili ya kuangalia. Bomu halijui rafiki, na ukipita jirani nalo litakulipukia wewe. Pia mabomu hayakai milele, na ukibandika mengi kupita kiasi ya zamani hulipuka yenyewe. Usipambe chumba kizima. Bandika machache, mahali penye msongamano, na uyatumie mara moja.

Laser Cannon hupiga mionzi myekundu na inakula betri. Uzuri wake ni kwamba mwonzi ukigonga ukuta hauishi, unaruka na kuendelea. Kwenye ujia mwembamba huhitaji kumwona adui: elekeza ukutani kwa mshazari, mionzi itakata kona na kumfikia. Kwenye chumba kipana nguvu hiyo inapotea. Na ukisimama ukitazama ukuta ulio mbele yako moja kwa moja, ukafyatua, basi jiandae kupokea moto wako mwenyewe. Piga kwa pembe, kila mara.

Kisha Mjolnir. Ni nyundo. Bila betri ni silaha ya mkononi tu, ya kumpiga aliye mbele yako. Ukiwa na betri za kutosha, pigo lake hutoa radi inayosambaa na kuwakamata maadui waliokuzunguka, kadhaa kwa mkupuo. Ndiyo silaha pekee katika Quake yote inayokutaka uende katikati ya kundi badala ya kulikimbia. Kila pigo linameza betri nyingi, kwa hiyo haifai kwa adui mmoja. Mimi naiwekea wakati mmoja: nimezingirwa, mgongo uko ukutani, wameshakaribia. Pigo moja, hatua mbili pembeni, pigo la pili. Halafu nabadilisha silaha kabla betri hazijaisha.

Hapo ndipo ugumu wa kweli wa nyongeza hii ulipo, nao haujaandikwa popote: Thunderbolt (bunduki ya umeme ya Quake), Laser Cannon na Mjolnir zote zinanyonya betri zilezile. Ukizitumia zote kwa furaha, utafika mwisho ukiwa na silaha tatu kubwa zisizo na chakula. Chagua. Ushauri wangu ni kuitumia Laser Cannon katika ramani za kituo cha kijeshi zenye njia nyembamba, Mjolnir ukizingirwa, na Thunderbolt uiache kwa ajili ya Shambler, ambaye milipuko humuumiza nusu tu na ana afya 600. Na kumbuka sheria ya zamani, bado ipo: ukifyatua Thunderbolt ukiwa majini, betri zote hutoka kwa pamoja na kukuua.

Vifaa vya kuokota

Empathy Shields hugawa maumivu: adui akikupiga, sehemu ya pigo inamrudia. Usiiokote ukiwa peke yako. Hakikisha kwanza chumba kinachofuata kina watu, iokote, ingia, na usiogope kupigwa kidogo. Wetsuit hukupa pumzi chini ya maji na mwendo wa haraka wa kuogelea. Ukiiona ukingoni mwa maji, chini yake kuna kitu cha kufuata.

Horn of Conjuring ndiyo ninayoipenda zaidi. Ukiipata, mnyama anatokea na kupigana upande wako. Mpe nafasi. Wachezaji wengi humwita kisha wanakimbia mbele yake na kuanza kufyatua wenyewe, wanamziba njia. Simama nyuma, mwache aende kwanza, wewe ulenge wale wanaomshughulikia. Maadui wa Quake huumizana wenyewe kwa wenyewe wakipigana kwa bahati mbaya, na mnyama wako akiwa katikati, chumba kizima kinaweza kuvurugana huku wewe umetumia risasi chache sana.

Maadui wapya

Gremlin kwanza. Ni mdogo, mwepesi, na akikufikia anaweza kukupokonya silaha uliyoishika, kisha anaitumia dhidi yako. Mpwa wangu, aliyekulia kwenye michezo ya sasa ambako bunduki yako ni yako mpaka mwisho, alipiga kelele, "Mjomba, amenichukulia roketi!" Na hakuwa na la kufanya kwa sababu alikuwa amesimama, ameshangaa.

Dawa ni rahisi ukiijua. Gremlin haibi shoka, haibi shotigani ya kawaida, wala Mjolnir. Ukimsikia au ukimwona, bonyeza 2, pigana naye kwa shotigani, umbali wa hatua chache, bila kumpa nafasi ya kukugusa. Ni adui dhaifu, shotigani inamtosha. Wakija wengi kwa pamoja na betri unazo, hapo Mjolnir imepata wakati wake: hawawezi kuiiba, na wanakuja kwa kundi, kama ilivyotakiwa. Akiwa ameshakuibia, usimkimbie. Muue, atadondosha mkoba, uokote, silaha yako imerudi. Ukimwacha atoroke na kirusha roketi, utakutana naye tena mahali ambapo hukupanga.

Jambo la pili juu yake: Gremlin hula maiti, na kula kunamtia nguvu, hata anaweza kuongezeka. Kwa hiyo palipo na Gremlin, ua kwa milipuko pale unapoweza. Adui aliyesambaratika hana maiti ya kuliwa.

Centroid ni nge mkubwa wa mwili na chuma. Kwa mbali anapiga misumari, kwa karibu anachoma kwa mkia. Misumari inasafiri polepole kuliko risasi, ina maana unaweza kuikwepa kwa kutembea pembeni mfululizo, bila kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Kaa umbali wa kati, tumia Super Nailgun au roketi, usiingie kwenye upeo wa mkia wake.

Spike Mine ni mpira wa miiba unaoelea, unakufuata na kulipuka ukikugusa. Upige ukiwa mbali. Hilo linatosha, ila lina nyongeza nzuri: ukiwa na maadui wengine karibu yake, ngoja kidogo ukalilipue wakati liko katikati yao.

Sehemu tatu za safari

Sehemu ya kwanza, Fortress of the Dead, inaanza The Pumping Station na kupita Storage Facility, The Lost Mine na Research Facility. Ni vituo vya kijeshi na mgodi, askari na mbwa, njia nyembamba. Hapa jifunze. Usikimbilie mlango wa kutokea. Ugumu wa kati unakutosha mara ya kwanza hata kama wewe ni mkongwe wa Quake, kwa kuwa unajifunza silaha mpya, na silaha hazifundishiki ukiwa unakufa kila dakika. Ukitaka kubadilisha ugumu kwa konsoli, andika skill ikifuatiwa na namba kuanzia 0 mpaka 3, lakini ujue itaanza kufanya kazi kwenye ramani inayofuata, si uliyomo.

Piga kuta zenye rangi au mchoro tofauti. Kuna ramani ya siri, Military Complex, na kuipata kunahitaji uwe mtu wa kuchungulia. Sitakuambia mlango uko wapi, kwa sababu kuutafuta ndiko kunakokufundisha namna Hipnotic walivyofikiri: wanapenda kukuonyesha kitu dirishani kwanza, kisha wakuache utafute njia.

Ya pili, Dominion of Darkness, inakupeleka kwenye mawe na makanisa ya giza: Ancient Realms, The Black Cathedral, The Catacombs, The Crypt, Mortum's Keep. Ramani zake ni pana na zina kimo, kwa hiyo sasa Laser Cannon inapungua thamani na Proximity Gun inapanda, hasa kwenye ngazi na matao. Zombi hafi kwa risasi za kawaida, anaanguka na kuinuka. Anahitaji mlipuko, kwa hiyo roketi zako zina wateja wengi hapa. Hesabu kabla ya kubandika mabomu kwa ajili ya Ogre mmoja ambaye shotigani ingemtosha. Siri ya sehemu hii ni The Gremlin's Domain, na jina linakuambia ushike silaha gani ukiingia.

Ukishawishika kuruka moja kwa moja kwa kuandika map hip2m1, zuia mkono. Utaanza na shoka na shotigani peke yake, wakati ramani zile zimepangwa kwa mtu aliyebeba mzigo kutoka sehemu ya kwanza.

Ya tatu, The Rift, ina Tur Torment, Pandemonium, Limbo na The Gauntlet. Ni ngumu, maadui wamechanganywa, na ushauri wangu ni mmoja tu: kuanzia Limbo anza kuweka akiba. Roketi zote unazoweza kubeba, betri zote, na afya. Pigana kwa misumari na shotigani ya mitutu miwili hata kama inachukua muda.

Armagon

Katika Quake, wakubwa wawili hawauawi kwa bunduki. Chthon anahitaji umeme wa chumba chake, Shub-Niggurath anahitaji uingie ndani ya mwili wake kwa mlango wa kusafirisha. Ndiyo maana wanaoingia Armagon's Lair huanza kutafuta swichi, wakizunguka huku wanachomwa. Hakuna fumbo. Armagon, adui mkuu wa mwisho, anakufa kwa silaha zako, ukimpiga vya kutosha.

Ana roketi na leza mikononi, na miguu ya mashine. Hifadhi mara unapoingia. Usimkabili ukiwa umesimama hata sekunde moja: zunguka kwa upande mmoja, badilisha mwelekeo anapoanza kukufuata kwa roketi, na usikae karibu na ukuta, kwa kuwa roketi iliyokukosa ikigonga ukuta nyuma yako mlipuko wake bado unakupata. Mpige roketi kutoka umbali wa kati, zikipungua badilisha kwenda Thunderbolt kwa muda mfupi ukiwa karibu, kisha uondoke. Mjolnir iache. Ni adui mmoja, na kumsogelea kwa nyundo ni kumpa anachotaka. Akianguka usimkimbilie, maana mwili wake unalipuka.

Baada yake

Dissolution of Eternity, nyongeza ya pili, ilitoka mwaka huohuo wa 1997 kutoka Rogue Entertainment. Kuisimika ni kwa namna ileile: folda rogue kando ya id1, na pak0.pak yake ndani, muziki wake ndani ya rogue/music, na neno la kuwashia ni -rogue. Usiyaweke maneno -hipnotic na -rogue kwenye mstari mmoja. Tengeneza njia ya mkato nyingine, kila nyongeza na yake. Rogue hawakuongeza bunduki nyingi mpya. Waliongeza aina za risasi: misumari ya lava, roketi zinazogawanyika, na plazma kwa Thunderbolt, kwa hiyo kubonyeza namba ileile mara ya pili, kama ulivyozoea kwenye 6, kunakuwa jambo la kila silaha kubwa. Anza nayo ukiwa bado una kumbukumbu ya vidole kutoka Armagon.